Shaaban Robert na Ukurasa wa Mwisho

Makala haya yalianza kama adhabu. Heri niseme ukweli mapema kabla rafiki zangu wa bweni hawajanitangulia.

Muhula wa kwanza tuliandika insha ya safari. Yangu, nisijisifu bure, ilikuwa tamu. Nilipanda basi la usiku na nyanya yangu, kikapu cha maembe mapajani. Basi likaharibika porini, fisi wakaanza kulia, na abiria mmoja akapiga ukemi kwamba ameibiwa pesa zake zote. Hapo ndipo nilipotupa jicho ukutani nikaona zimebaki dakika nne. Basi nikafanya lile ambalo wengi wenu mmewahi kulifanya, na msikatae: nikaandika kwamba mara niligutuka kitandani huku jasho likinitiririka, kumbe yote yalikuwa ndoto. Nikatia nukta, nikatabasamu.

Insha iliporudi, sentensi ile ilikuwa imezungushiwa duara la wino mwekundu. Nilipata alama 9 kati ya 20. Mwalimu aliniita akaniuliza nyanya yangu ameenda wapi. Nikamjibu kwamba ilikuwa ndoto, mwalimu. Akaniambia kwa upole (na upole wake ndio unaotisha) kwamba yeye alikesha nami porini kurasa mbili nzima, akitaka kujua mwizi ni nani, halafu nikamfukuza mlangoni bila hata kumpa kwaheri. Akanipa orodha ya vitabu vya Shaaban Robert. Nivisome, nitazame jinsi mzee huyo anavyomaliza, kisha niandike maisha yake katika jarida la chama. Ndiyo haya.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani. Jina Robert lisiwapoteze, maana hakuwa Mkristo, alikuwa Mwislamu, na kwa muda mrefu aliandika jina lake kama Shaaban bin Robert. Alikuwa na umri wa miaka mitano tu Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, na vilipokwisha, bwana mpya wa nchi alikuwa Mwingereza. Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, akapata cheti chake cha kumaliza shule. Kusoma kwake darasani kuliishia hapo. Hakuingia chuo kikuu, wala hakufundishwa na mtu namna ya kutunga riwaya. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaodhani mwandishi lazima awe na digrii tatu.

Mwaka huohuo wa 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha, akaifanya kazi hiyo hadi 1944. Miaka kumi na minane! Hebu mfikirie akiwa dawatini: mizigo, ushuru, hesabu, barua, muhuri. Baadaye alihamia idara ya wanyama, kisha mwaka 1946 akarudi Tanga kuhudumu katika ofisi ya wilaya, na kuanzia 1952 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi mjini humohumo. Mchana alikuwa karani, na vitabu tunavyovisoma leo aliviandika katika saa zilizobaki. Ukiniuliza mimi, ukarani ule haukumharibu hata kidogo. Barua ya ofisini isiyosema mwishoni inataka nini hurudishwa, na mtu aliyeandika barua kama hizo miaka yote hiyo hawezi kukuacha porini na fisi.

Alianza kujulikana kwa mashairi. Diwani yake Pambo la Lugha ilichapishwa mbali sana na Tanga, kule Johannesburg, na matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vikiendelea alianza kutunga utenzi mrefu mno kuhusu vita hivyo, Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao ulifika karibu beti 3,000. Sitauzungumzia sana kwa kuwa, niungame tu, sijaumaliza.

Lakini lipo shairi lake moja fupi ambalo lazima nilitaje. Mkewe wa kwanza aliitwa Amina. Alifariki angali kijana, akamwacha mumewe na watoto wa kulea. Shaaban alimtungia shairi linaloitwa kwa jina lake hilohilo. Kila ubeti wa shairi hilo unarudi mwishoni kwenye wazo moja, kwamba fundo la mapenzi waliyofunga hakuna awezaye kulifungua. Nilipolisoma mara ya kwanza nilijiambia kwamba hapa mzee anarudia tu, na sisi tukirudia hitimisho letu tunakatwa alama. Nililisoma tena usiku nikaona tofauti. Maneno ni yaleyale, lakini katika ubeti wa kwanza yanasemwa na mtu aliyefiwa jana, na katika ubeti wa mwisho yanasemwa na mtu ambaye ameshatueleza alichopoteza. Uzito umeongezeka njiani. Sisi tunaporudia, tunanakili utangulizi wetu ulivyo na kuutia neno kwa hivyo mbele.

Jambo jingine, hasemi kwamba amepona. Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kujifariji, na wasomaji wangemshukuru. Hakufanya hivyo kwa sababu haikuwa kweli.

Watoto nao aliwatungia tenzi mbili, Utenzi wa Hati kwa bintiye na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Akaziingiza katika kitabu alichokiandika kuhusu maisha yake mwenyewe, Maisha Yangu. Kitabu hicho nitakirudia.

Sasa tufike kwenye Kusadikika, riwaya iliyotoka mwaka 1951. Wengi wenu mnaijua, au mnajua muhtasari wake, tusidanganyane. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Mtu mmoja aitwaye Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu uanasheria. Anapewa siku sita za kujitetea. Katika siku hizo hajisemei mwenyewe sana, bali anasimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alipata taabu njiani, akarudi na mawazo ya kuinufaisha nchi. Kila mmoja akatupwa gerezani kwa shukrani.

Mwishoni mfalme anamwachilia Karama. Kama riwaya ingekatika hapo, ingekuwa imemaliza kesi ya mtu mmoja. Wale sita je? Mwandishi hakuwasahau. Nao wanafunguliwa, wanatolewa gerezani, wanapewa heshima yao. Angalieni jinsi mambo yanavyofungana: mwisho huu hauleti mjumbe wa saba ambaye hatukumjua, wala hauleti jini, wala mafuriko. Unawachukua watu walewale tuliosafiri nao kitabu kizima na kutueleza wameishia wapi. Mwalimu alipouliza nyanya yangu yuko wapi, nadhani hili ndilo alilotaka nilione.

Ijumaa moja chama chetu kilifanya mjadala kuhusu mwisho huu. Hoja ilikuwa kwamba mwisho wa Kusadikika ni rahisi mno. Jamani, ukumbi uliwaka moto. Upande wa watetezi wa hoja ulisema wafalme hawabadiliki kwa siku sita. Wakauliza ni dikteta gani katika historia aliyesikiliza hadithi sita kisha akafungua milango ya jela. Walisema mwandishi alichoka, akatafuta njia ya mkato, yaani alifanya kama mimi na ndoto yangu (hapo watu walicheka, nami nikacheka kidogo). Wapinzani wakajibu kwamba kama Karama angenyongwa, kitabu kizima kingekuwa kinafundisha watu kunyamaza. Mmoja wao akakumbusha kwamba mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza, mwandishi mwenyewe akiwa karani wa serikali hiyohiyo. Nchi aliyoiweka angani ilifanana mno na nchi zilizoko chini. Kumaliza kwa kuwafungua waliofungwa kwa ajili ya mawazo yao kulikuwa ni kutaja jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona likitendeka.

Kura zilikuwa sawa, mwenyekiti akaamua kwa upande wa wapinzani. Mimi nilipigia watetezi. Tangu hapo nimegeuka nusu. Bado naona mfalme amebadilika haraka kuliko anavyostahili, lakini sioni mwisho mwingine ambao ungewatoa wale sita.

Mwaka uliofuata, 1952, kilitoka Adili na Nduguze, hadithi ambayo chimbuko lake limo katika zile za Alfu Lela Ulela. Hapa ujanja wake ni mwingine. Mapema kitabuni tunaambiwa kwamba liwali mmoja mwema, Adili, ana nyani wawili. Anawapiga mijeledi huku akilia machozi, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Nani anaweza kuweka kitabu chini baada ya kusikia hivyo? Mfalme Rai anataka kujua sababu, nasi tunataka. Polepole tunaelezwa kwamba nyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, na adhabu ile Adili ameamrishwa na majini, si kwa hiari yake. Swali limejibiwa, lakini hadithi haiwezi kwisha, maana mjeledi bado uko mkononi. Inakwisha pale mfalme anapowaombea msamaha na nyani wanarudi kuwa binadamu. Kwa hivyo kujibu swali si lazima kuwe ndio kumaliza. Katika insha zetu za hoja tunadhani tukishathibitisha, kazi imekwisha. Tumethibitisha kwamba mihadarati ni hatari. Sasa mjeledi uuweke wapi?

Niingie katika kitabu ambacho mwalimu alinitajia kwanza na mimi nikakisoma mwisho. Mwaka 1954 Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha, tena kupitia Witwatersrand. Kabla yake Waswahili walikuwa na tenzi, mashairi, hadithi na barua kwa karne nyingi, lakini insha kama hizi tunazoandikishwa shuleni zilikuwa ngeni. Jina la kitabu linasema lote. Kielezo ni kigezo, kitu ambacho fundi huweka mbele yake ili afanye kinachofanana nacho. Hivyo ndivyo fundi wa milango ya pwani anavyojifunza nakshi, kwa kutazama mlango uliokwisha kuchongwa.

Nami nilijaribu ufundi huo. Nilichukua insha zake fupi, nikafunika aya ya mwisho kwa rula, nikajaribu kuandika yangu kabla ya kutazama yake. Ni mchezo mzuri, jaribuni. Mara nyingi yangu ilikuwa ndefu maradufu. Nilikuwa napiga muhtasari wa kila aya, naongeza methali mbili, namshukuru msomaji, naomba radhi kwa wino kuniishia. Yake ilikuwa inaondoka wakati mtu bado anamtazama.

Wakati huu alikuwa mtu anayejulikana. Alikuwa mwanachama wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, akapewa nishani ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa uandishi wake, na Waingereza wakampa ile ya MBE. Mtu anaweza kuuliza aliionaje nishani ya dola ileile iliyotawala nchi yake huku ameandika Kusadikika. Ni swali zuri la mjadala mwingine.

Mwaka 1958 ulichapishwa Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya yule mwimbaji mashuhuri wa taarab aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini ya wafinyanzi, na ambaye sauti yake ilirekodiwa katika sahani za santuri hadi Bombay. Shaaban alionana naye muda mfupi kabla hajafariki Julai 1950. Hapa kuna tatizo ambalo mimi nalipata sasa hivi, kalamu mkononi. Anayeandika maisha ya mtu aliyekufa hawezi kumficha msomaji mwisho. Kila mtu Unguja alijua Siti amefariki. Kifo ni tarehe tu, na tarehe haimalizi kitabu. Shaaban alimtazama Siti kama mtu aliyeanza akidharauliwa, akauza vyungu, akaishia kuheshimiwa na masultani na wavuvi sawasawa. Basi kinachobaki baada ya tarehe ile ni heshima hiyo, na wasifu wenyewe ni sehemu yake.

Nilisema nitarudi kwa Maisha Yangu. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1949, mwandishi akiwa na miaka arobaini. Kitabu kikafungwa, lakini maisha hayakufungwa. Akaandika sehemu ya pili, akaiita Baada ya Miaka Hamsini. Nimelifikiria sana jina hilo. Ni jina la mtu anayedhani hamsini ni kilima, na kwamba upande wa pili kuna bonde pana la kupumzika na kuandika. Utumishi wa serikali ulikuwa umefika ukingoni. Uhuru wa Tanganyika ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, akauona kwa macho yake, yeye aliyezaliwa chini ya Mjerumani na kufanya kazi chini ya Mwingereza.

Alifariki Juni 1962. Alikuwa na miaka 53. Uhuru ulikuwa na miezi sita. Akazikwa kwao Machui. Sehemu zote mbili za maisha yake zilichapishwa pamoja mwaka 1966, na mwandishi wake hakuzishika mkononi.

Wala si hizo tu. Aliacha miswada. Mwaka 1967 kikatoka Kufikirika, habari za mfalme anayetafuta mrithi kwa waganga na wapiga ramli, kitabu alichokuwa amekiandika miaka mingi nyuma. Mwaka huohuo ukatoka ule utenzi mrefu wa vita. Mwaka 1968 vikatoka Utubora Mkulima, kuhusu mtu anayeiacha kazi ya ofisini akarudi shambani, na Siku ya Watenzi Wote. Ukiviweka vitabu vyake mezani kwa kufuata miaka ya kuchapishwa, kama nilivyofanya maktabani hadi mkutubi akanifukuza, utaona safu inapita mwaka 1962 bila kusimama na kuendelea. Utubora, karani aliyeacha dawati, alifika madukani wakati karani aliyemtunga amekwisha kulala Machui miaka sita.

Insha ya safari nimeiandika upya. Ndoto nimeifuta. Katika mpya, alfajiri fundi anafika, basi linawaka, na yule aliyelia ameibiwa anakuta pesa zake katika mfuko wa koti alilomfunika nyanya yangu wakati wa baridi. Anaona haya, hasemi neno. Nyanya anampa embe. Mwalimu alinipa 15, akaniandikia pembeni kwamba sentensi mbili za baada ya embe hazina kazi. Nimezikata.

Kwa wanaotaka kusoma, chama kina nakala nne za Kusadikika katika kabati la chumba cha walimu wa lugha, na funguo ziko kwa katibu. Nakala mbili kati ya hizo hazina kurasa za mwisho. Aliyezichana anaombwa azirudishe, hata usiku, hata kwa kuzipitisha chini ya mlango. Kuna watu wa Kidato cha Kwanza ambao hadi leo wanaamini wajumbe sita wangali gerezani.